MANGAPWANI HAWAKUOMBA RANGI: VIJANA TUNAOJITOLEA TUNAMSIKILIZA NANI?

 

Leo nataka tuzungumze habari ya kujitolea. Kila likizo ikikaribia, na hasa Ramadhani ikigonga hodi, vikundi vya vijana hapa mjini vinaanza kuchangishana kwenda shamba "kusaidia jamii". Ni jambo zuri, sibezi hata kidogo. Wengi wao ni wenzangu, tumemaliza kidato cha nne pamoja, hatuna kazi, na badala ya kukaa maskani tangu asubuhi mpaka jioni wameona bora watoke wafanye kitu. Lakini kuna jambo limenikaa kooni, na kwa vile upande wa mama yangu ni watu wa Mangapwani, nalijua kwa pande zote mbili: ya anayekwenda kusaidia na ya anayekuja kusaidiwa.

Nani anaamua kijiji kina shida gani?

Nitawapa mfano mmoja, kikundi sikitaji maana nia yao ilikuwa njema. Walikuja na basi zima, tisheti za rangi moja, ndoo za rangi na mabrashi. Wakapaka ukuta wa madarasa mawili, wakagawa madaftari, wakapiga picha na watoto, na kabla ya alasiri basi likawa limeshapita Bububu kurudi mjini. Jioni nimekaa barazani na shangazi yangu, nikamuuliza kaionaje kazi ya wale vijana. Unajua alinijibu nini? Aliniuliza: "Wale wa chama gani?"

Jamani, msicheke. Kwa anayeijua Zanzibar hilo swali lina maana kubwa. Mtu wa shamba akiona tisheti za rangi moja na basi, jambo la kwanza kichwani mwake ni uchaguzi. Kwa siku nzima wale vijana walikuwa kijijini na hakuna aliyekaa chini kumwambia bi mkubwa kama yule sisi ni nani na tumekuja kwa lipi. Sasa kama hajui wewe ni nani, akikujibu unapomuuliza shida yake, unafikiri anakujibu ukweli? Anakujibu kile anachoona unataka kukisikia. Umekuja na rangi, atasema ndio, tulikuwa na shida ya rangi.

Kuna Mwingereza mmoja, Robert Chambers, ambaye ujanani mwake alikuwa afisa wa utawala kule Kenya wakati wa ukoloni. Baadaye akawa mtaalamu mkubwa wa mambo ya vijijini, na katika kitabu chake cha mwaka 1983 aliandika kuhusu kitu alichokiita utalii wa maendeleo vijijini. Maana yake ni mtu wa mjini anakwenda kijijini kwa gari, anapita barabara ya lami, anakwenda wakati wa kiangazi maana masika njia hazipitiki, anazungumza na wanaume na wakubwa, anapelekwa kwenye mradi uliofanikiwa, anarudi mjini anaandika ripoti. Maskini wa kweli yuko ndani kule kwenye kichochoro, njia imejaa maji, na mgeni hamjui wala hatamjua.

Ukiyatia maneno hayo hapa kwetu yanaingia kama mkono kwenye glavu... hapana, tuseme kama kanzu na kofia. Gari za wageni zinazokuja Mangapwani zinakwenda sehemu mbili: pangoni na kwenye chumba cha watumwa, kile kilichotumika kuwaficha watu baada ya Sayyid Barghash kulazimishwa na Waingereza kulifunga soko la watumwa mwaka 1873. Watalii wanashuka, wanashangaa, wanahuzunika, wanapanda gari, wamekwenda. Na sisi vijana wa kujitolea njia yetu ni hiyo hiyo. Tunashuka penye skuli, maana skuli iko karibu na barabara na watoto wanapendeza kwenye picha. Sijawahi kuona kikundi kinachoshukia kwa mzee kipofu.

SAA NNE ASUBUHI, BAHARI IKO KUPWA

Hili la saa ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa hiyo mnisamehe nikilirefusha.

Mkutano wa "kusikiliza wananchi" kwa kawaida unawekwa saa nne asubuhi. Kwa mtu wa mjini ni saa nzuri, ameshakunywa chai, ameshafika na gari. Sasa mtizame bahari. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mwandamo au ukiwa mpevu, maji ya Unguja yanajaa kiasi cha saa kumi na yanakupwa kiasi cha saa nne. Hizo ndizo siku ambazo miamba inatoka nje kabisa, na wanawake wanateremka pwani na vikapu kutafuta pweza, chaza na kombe. Ni kitoweo cha siku ile, na kikizidi ni pesa ya unga. Siku zenyewe si nyingi kwa mwezi.

Basi wewe umeweka mkutano saa nne asubuhi ya bamvua. Nani atakuja? Watakuja wazee wa baraza, watakuja vijana waliolala mpaka saa tatu, atakuja sheha. Wanawake wote wenye shughuli wako pwani, maji ya magotini. Halafu ripoti inaandikwa: "Wanajamii walishirikishwa." Wanajamii gani, yakhe? Na ndio maana kila ripoti inasema kijiji kinataka uwanja wa mpira. Si kwamba uwanja hautakiwi, mimi mwenyewe nacheza winga. Ila waliobaki kijijini saa ile ndio wanaotaka uwanja.

Dawa yake haihitaji mfadhili. Muulize mvuvi yeyote leo bahari ikoje, atakwambia bila ya kutizama karatasi. Nenda siku za maji mafu, ambapo bahari haikupwi sana na wanawake wengi wako majumbani. Au nenda alasiri. Na ukifika usiite mkutano mara ya kwanza. Kaa unapokoboa nazi na wao, tembea nao mpaka kisimani, hesabu wenyewe wanakwenda mara ngapi. Yule Chambers na wenzake baadaye walieneza njia ya kuwaacha wanakijiji wachore ramani ya kijiji chao wenyewe, chini mchangani kwa kijiti na mawe. Mgeni anakaa kimya. Nilijaribu mara moja na watoto wa skuli pale kwetu, wakachora njia ya kisima ambayo mimi mjukuu wa kijiji hicho nilikuwa siijui.

Jengine ni huyu sheha. Lazima upite kwake, hiyo ndiyo adabu na ndio utaratibu, mgeni haingii shehia kimya kimya. Lakini sheha hachaguliwi kwa kura, anateuliwa na Serikali, na kwake ndiko watu wanakofuata barua na kuthibitishiwa ukaazi. Mtu hawezi kusema mbele yake kwamba msaada uliopita uligaiwa kwa kujuana. Kwa hiyo piga hodi kwa sheha, kunywa chai yake, mshukuru, halafu nyumba za watu nenda mwenyewe.

BOMBA LIPO, LAKINI...

Maji. Ukimuuliza mtu yeyote shamba atakutajia maji, na vijana wengi wakisikia maji wanafikiri kuchimba kisima, basi. Lakini maji yana mambo yake. Karibu na pwani, kisima ukikivuta sana kinageuka chumvi. Na bomba likiwepo, maji yake yanasukumwa na umeme. Wakubwa wanakumbuka mwaka 2008, mwezi Mei na Juni, Unguja nzima ilikaa gizani karibu mwezi, halafu ikarudi tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu. Umeme wetu unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Bara, mtambo ukaharibika, na pampu za maji zikasimama. Siku zile aliyeokoa watu ni kisima cha zamani chenye kamba na ndoo, kile ambacho mtaalamu angekiona angesema kifukiwe kwa sababu bomba lipo.

Lile pango la Mangapwani lenyewe, husimuliwa kwamba maji yake yaligunduliwa na mtoto mtumwa aliyekuwa akimtafuta mbuzi wa bwana wake aliyepotea. Hakutumwa kufanya utafiti, maskini.

Na msidhani ni sisi tu tunaokosea. Kuna zile pampu za bembea, PlayPumps, kutoka Afrika Kusini. Watoto wanacheza kwenye bembea ya kuzunguka, bembea inavuta maji. Wazo tamu kweli! Mwaka 2006 Laura Bush, mke wa Rais wa Marekani wakati huo, akautangaza mpango wa dola milioni 60, lengo pampu 4,000 ifikapo 2010. Mwaka 2009 gazeti la The Guardian la Uingereza likapiga hesabu kwamba ili pampu itoe maji kama ilivyoahidiwa, watoto wacheze saa 27 kwa siku. Siku ina saa ngapi? Kule Msumbiji na kwengineko akina mama watu wazima wakawa ndio wanaozungusha bembea, mbele za watu, wakati pampu zao za mkono zilizokuwa zikifanya kazi zilishang'olewa kupisha hii mpya. Kabla ya 2010 kumalizika shirika lenyewe lilishaachia mradi. Pesa hazikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza mwanamke anayechota maji: hii utaiweza?

SHIDA AMBAZO HAZIPIGIKI PICHA

Sasa mdau mmoja aliniandikia wiki iliyopita, akaniuliza: haya wewe mjuaji, kijana aliyemaliza kidato cha nne, hana pesa, hana ufundi, atasaidia nini shamba kama si kupaka rangi?

Mdau, unajua kusoma fomu.

Usicheke. Mwezi Aprili 2016 Serikali ya Zanzibar ilianza Pencheni Jamii, kila mzee aliyefika miaka 70 alipwe shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kwa bibi anayekaa na wajukuu watatu hiyo si pesa ndogo. Lakini lazima uthibitishe umri, uwe na kitambulisho, uandikishwe. Sasa wazee wetu walizaliwa nyumbani, mwaka hawaujui, wanajua "mwaka ule wa mvua kubwa". Yuko bibi mmoja jirani ya shangazi, wajukuu wake wakubwa wana mvi, na karatasi yake inasema ana miaka 64. Amekata tamaa, anasema labda ni kweli. Kumshika mkono bibi yule, kumtafutia mashahidi wa rika lake, kumwandikia barua, kumsindikiza ofisini mara tatu au nne mpaka ieleweke, hiyo ni kazi ya kujitolea. Inahitaji nauli na subira. Na haina tisheti.

Na kuna hili la bandari, ambalo ndilo limenifanya nikaandika leo. Wote mnajua Serikali tangu mwanzoni mwa miaka hii ya 2020 imekuwa ikiutangaza mradi wa bandari jumuishi ya Mangapwani, yenye makontena, mafuta na gesi na mambo mengine, kuipunguzia mzigo bandari ya Malindi. Mimi sio mpinzani wa bandari. Malindi pamebana kweli, na kijana gani asiyetaka kazi mlangoni kwao? Lakini mradi mkubwa ukija mahala, kinachokuja nao ni makaratasi, na makaratasi ndipo mtu wa shamba anapopigwa.

Tukumbuke ardhi ya Zanzibar ina historia yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ikawa ya Serikali, watu wakagaiwa eka tatu tatu. Kwetu pia ardhi ni kitu kimoja na miti ni kitu chengine, mnazi unaweza kuwa wa Juma na chini yake kalima Asha muhogo. Aliyepewa eka ameshafariki, watoto wametawanyika, mmoja yuko Dar, mmoja Oman, karatasi ilikuwa kwenye sanduku na mchwa wamekula pembe. Siku mthamini anapokuja kuhesabu, mwenye jina lililoandikwa ndiye anayelipwa, na mti ambao haukuhesabiwa leo huwezi kuuhesabu kesho ukishakatwa.

Hapo ndipo nawaona vijana kumi wenye kalamu wangefaa kuliko vijana mia wenye mabrashi. Mtembee na familia shamba kwao, mwandike minazi mingapi, miembe mingapi, mikarafuu kama ipo, kaburi liko wapi, kisima kiko wapi. Mpige picha kwa simu zikiwa na tarehe. Mtoe fotokopi ya kila karatasi, moja ibaki kwa mwenyewe na moja kwa ndugu wa mjini. Mumsomee mtu alichoandikiwa kabla hajatia dole gumba. Hakuna siasa hapo wala ugomvi na mtu. Na hata bandari isipojengwa mbele ya shamba lake, orodha ile itawafaa warithi siku ya kugawana, maana sote tunajua kesi za mashamba zinavyotenganisha ndugu.

MBONA WENYEJI WANAWEZA?

Ukitaka kuona kujitolea kunakofanya kazi usiende mbali. Tizama wale wahudumu wa afya wa jamii wa mpango wa Jamii ni Afya, ambao kufikia mwaka 2021 ulishasambazwa Unguja na Pemba zote, wahudumu zaidi ya 2,000. Ni watu wa shehia ile ile, wamepewa simu yenye programu ya kuwaongoza, wanapita nyumba kwa nyumba kwa wenye mimba na watoto wadogo. Sifa yao kubwa si ile simu. Ni kwamba mwezi ujao atarudi tena kwenye nyumba ile ile, anamjua mama kwa jina, anajua mume yuko dago. Mwanamke atamwambia mambo ambayo mimi na wewe tukija na basi hatuambiwi hata tukae mwaka.

Halafu kuna wale mabibi wa umeme wa jua, chuo chao kiko Kinyasini, kinaendeshwa na Barefoot College ile iliyoanzia Tilonia, India. Wanawachukua wanawake wa makamo, wengine hawakusoma kabisa, wanawafundisha kufunga na kutengeneza taa za sola kwa miezi, halafu wanarudi kijijini kwao. Kwa nini hawachukui vijana wa kiume? Mwasisi wao, Bunker Roy, ameshalisema hadharani mara nyingi: kijana ukimfundisha ukampa cheti, kesho yake anakimbilia mjini kutafuta kazi. Inauma kuisikia, lakini mimi mwenyewe nakuandikieni kutoka mjini, kwa hiyo sina cha kumjibu.

Ila na mimi nina langu la kuwatetea vijana. Siku hizi kila mtu anatuambia tujitolee, tutapata uzoefu. Haya, tumekubali. Nauli ya gari ya Bumbwini kwenda na kurudi analipa nani? Chakula cha mchana? Kuna wanaojitolea miezi sita ofisi za watu, wanapiga chapa, wanabeba maboksi, mwisho wanapewa cheti na kushikana mkono, na bosi anaingiza wengine wapya. Huko si kujitolea, ni kutumiwa. Wageni wa Ulaya wanaokuja kufundisha skuli zetu wiki mbili wanalipia pesa nyingi kwa makampuni ya safari ili wajitolee, na sisi tunaoweza kukaa miaka tunakosa nauli. Wanaopanga bajeti za vijana walitizame hilo. Kijana akilipiwa nauli na mlo mmoja anaweza kurudi kwa yule bibi mara nne. Asipolipiwa atakwenda mara moja, na basi, na rangi.

Kwa wale wenzangu wa kikundi ambao mnajiandaa kwenda tena Mangapwani likizo hii, mimi nitatangulia. Nakwenda mwezi ukiwa nusu, maji yakiwa mafu, nitalala kwa shangazi siku nne. Sheha nimeshampigia simu, kasema karibuni. Nahitaji wenzangu wanne, wawili wawe wanawake maana kuna nyumba mimi siingii. Kila mtu aje na kalamu, daftari lenye mistari, na simu yenye chaji. Tisheti acheni nyumbani. Rimu ya karatasi nimeshaipata kwa mtu mmoja mwenye duka la fotokopi pale Darajani, ila nauli ya wawili bado. Mwenye nafasi aandike hapo chini kwenye maoni, na mwenye ndugu Mangapwani aniambie nianzie nyumba ipi.